Kutwa Mara Tatu

Nilikufa kwa mara ya kwanza kwenye Maonyesho ya Kilimo, Nakuru,
kati ya banda la ng'ombe wa maziwa na muuza miwa,
mwaka ule mvua ilipochelewa na pareto ikakauka Molo.
Nilivaa mabawa ya neti na waya wa kuku,
macho mawili ya chujio la chai,
na mdomo: kipande cha bomba la maji, futi mbili unusu,
uliogonga kila mlango
kabla mimi sijafika.

Kampuni ilitengeneza dawa ya kupulizia, Fyeka.
Mimi nilikuwa adui wa Fyeka.
Mkataba ulisema: Zablon Mukhwana, Mbu.
Maneno yangu yote yalikuwa moja: ziiii.
Kisha msichana mwenye aproni ya kijani ananipulizia maji matupu,
nami nazunguka, nashika kifua, napiga goti,
nageuza miguu juu, yote sita, minne ikiwa ya soksi.
Watoto: Kufa tena!
Nakufa tena.

Kutwa mara tatu, siku ya soko mara nne,
miaka kumi na minane.

Nilikuwa nimezoea kufa kwingine.
Katika kikundi chetu cha Bondeni nilikufa kwa mkuki,
na kabla ya kukata roho
nilipewa robo saa nzima ya kuhutubia.

Mtoto mmoja wa Njoro, sare imechanika magotini, alinyoosha mkono:
"Mbu anayeuma ni jike. Wewe una ndevu."
Nikanyoa.
Tangu siku ile nikatembea taratibu,
kama mja mzito anayetafuta damu kwa ajili ya mayai yake,
na hakuna mkubwa wa kampuni aliyegundua
kwamba Mbu amebadilika,
kwamba sasa alikuwa na sababu.

Truphosa alinishonea bawa la kushoto mara saba.
Alipoulizwa kanisani mumewe anafanya kazi gani
alijibu, "Yuko kwenye mambo ya afya."

Ahero, basi.
Ahero mashamba ya mpunga hulala na maji,
na watu hawakucheka sana.
Nilianguka vizuri, vizuri kuliko siku zote,
vumbi likaniingia mdomoni. Muziki ukazimwa.
Kupitia matundu ya chujio nikaona
sandali za mpira, nyayo zenye tope kavu.
Mama alikuwa amesimama juu yangu.
Hakunipiga. Aliinama, akasema polepole,
kwa sauti ya mtu anayeuliza bei:
"Alikuwa na miaka minne. Alikukosea nini?"

Nilikuwa na neno moja tu, nawe unalijua.
Nikabaki maiti.
Dereva wa lori akapiga honi.
Msichana wa aproni akanong'ona,
"Zablon, inuka, tunachelewa Kisumu."
Sikuinuka mpaka sandali zile zilipogeuka
zikaenda zake.

Sasa Fyeka ina katuni. Mbu wa kompyuta, mnene,
ana meno. Meno!
Hali, haombi nauli, hana goti bovu.
Walinipa kadi ya shukrani na katoni mbili za dawa.
Mabawa yako juu ya kabati, Kaptembwo.
Mdomo mjukuu ameuchukua, anamwagilia sukuma wiki.

Jana usiku stima ilipotea.
Truphosa alikuwa amelala upande wa ukutani.
Mmoja akapenya (neti ina tundu tangu Krismasi)
akaja moja kwa moja sikioni, sauti yote, bila kupumua.
Nikamsikiliza
kama unavyomsikiliza kijana anayejaribiwa jukwaani.
Mkono wangu ulikuwa tayari.

"Unaanza juu mno," nikamwambia.
"Na taa ikizimika usikimbilie. Hesabu hadi tatu.
Waache kwanza wadhani wako peke yao."